Mwingereza Aliyekufa Vizuri Sibwesa

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi pale Nsemulwa. Nilikuwa kijana, sina mume, sina mtoto, nina baiskeli. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na mtu akisema anakwenda mkoani ulijua anakwenda Sumbawanga, na ulimpa pole mapema kwa ajili ya barabara.

Wazungu tuliozoea kuwaona walikuwa mapadre. Kwa hiyo alipofika mhandisi wa visima, Mwingereza mrefu asiyependa maneno, mji mzima ulijua. Alikuja na mkewe. Wiki ya pili mhandisi alikuja shuleni kumwomba mwalimu mkuu mtu wa kumfundisha mke wake Kiswahili. Mwalimu mkuu alinitazama mimi, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa bado cha juzi juzi, hakijapata kutu.

Nilimkuta kibarazani kwake alasiri, mama wa miaka sitini hivi, nywele za mvi amezikata fupi kama za mwanamume, sauti yake nzito. Nilikuwa nimebeba kitabu cha sarufi. Akakichukua, akakifungua, akakifunga, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Mwalimu," aliniambia kwa Kiingereza, "usinionyeshe maneno. Nionyeshe watu."

Nikampeleka sokoni. Alisimama mbele ya mama mmoja wa Kifipa aliyekuwa akiuza nyanya, akasikiliza. Hakuuliza chochote. Alisikiliza mpaka yule mama akaanza kuona haya na kumwongezea nyanya ili aondoke. Tuliporudi nyumbani aliweka kikapu kiunoni, akainua kidevu, akaachia upande mmoja wa mdomo ulegee, na akasema: "Chukua tu mama, nakuongezea na hii, kwani wewe si mteja wangu?"

Ilikuwa sauti ya yule mama wa nyanya. Kifipa chake chote kilikuwemo ndani. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Hivyo ndivyo alivyojifunza Kiswahili. Kila sentensi yake ilikuwa na mwenyewe. Akitaka chumvi, aliiomba kwa sauti ya muuza duka wa Kawajense. Akikataa kitu, alikataa kwa sauti ya muuguzi wa zahanati. Siku moja alimsalimia mwalimu mkuu "Mwangaluka!" kwa sauti ya mzee wa Kisukuma aliyekuwa akituletea maziwa, na mwalimu mkuu akageuka nyuma kuangalia ng'ombe wako wapi.

Nilipomuuliza zamani alikuwa anafanya kazi gani, alifikiri kidogo, akanijibu kwa Kiswahili: "Nilikuwa najifanya."

Nikamwambia sentensi haijakamilika. Ulikuwa unajifanya nini?

"Chochote," alisema.

Nikamsahihisha tena. Mimi niliona ni sarufi tu imemshinda.

Muuza duka niliyemtaja alikuwa Mwislamu mnene, mcheshi, ambaye baba yake alitoka Ujiji na mama yake Tabora. Aliuza vitenge, betri, sukari na mafuta ya taa, na nyuma ya duka alikuwa amejenga kibanda cha mabati chenye televisheni, deki na jenereta. Jumapili baada ya saa sita tulikwenda kuangalia video pale. Mikanda ilimfikia kwa treni, mingi imetazamwa mpaka imechoka, na kwa kuwa wengi wetu hatukuweza kufuata Kiingereza cha kwenye picha, yeye mwenyewe alisimama kando ya televisheni na fimbo nyembamba akitufasiria. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Alichofanya ni kutazama sura za watu, kisha akatunga.

Jumapili moja nilikwenda na mwalimu mwenzangu. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, ya nyumba kubwa ya mawe, farasi, na wanaume wenye kofia ndefu. Alitokea mwanamke kijana amelala kitandani, mgonjwa wa kifua. Akakohoa. Halafu akapeleka mkono shingoni na kuugusa mfupa wa bega kwa vidole viwili.

Mkono ule niliujua. Mwanafunzi wangu alikuwa akifanya vile vile kila aliposahau neno.

"Yule ninamfundisha mimi!" nilisema kwa sauti.

"Mwalimu, nyamaza, mwenzio anakufa," mtu akanikemea kutoka nyuma.

Na kweli alikuwa anakufa. Nimeona wanawake wengi wakifa kwenye picha, wanapiga kelele, wanashika ukuta. Huyu aliomba dirisha lifunguliwe. Lilipofunguliwa akatabasamu kama mtu aliyeona mgeni wake anakuja njiani, akafungua mdomo kumwita, na hapo hapo akawa hayupo. Muuza duka alikuwa na fimbo juu, amesahau kufasiri. Akina mama waliokuwa benchi la mbele walijifuta macho kwa kanga.

Ndipo kijana mmoja fundi baiskeli aliposimama. "Jamani! Huyu mbona jana kapita kwangu na kikapu?"

Pakawa hakuna kusikilizana tena. Muuza duka alirudisha mkanda nyuma, akausimamisha, na sura ya mwanafunzi wangu ikabaki pale kwenye kioo ikitetemeka, na mistari myeupe ikimkata kipaji cha uso. Watu walikuja mmoja mmoja kuinama na kumchungulia. Ndiye. Pua ile ile.

Kesho yake tulipokwenda sokoni hakutuuzia mtu kitu kwa muda mrefu. Akina mama walitoka nyuma ya meza zao wakaja kumshika mikono. Yule mama wa nyanya alishindwa aseme nini, akasema lililofaa kwa msiba: "Pole mama. Pole kwa kufa."

Mwanafunzi wangu alinigeukia. Nikamweleza mambo ya kibandani. Aliweka kikapu chini, akafunika uso kwa viganja viwili, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemwumiza. Alipotoa mikono, machozi yalikuwa yanamtoka kwa kucheka.

"Nimekufa wapi?" aliuliza. "Kitandani au mtoni?"

"Kitandani, mama."

"Loo! Nikiwa bado mzuri!"

Baada ya hapo masomo yetu yaligeuka. Mimi nilikuwa naleta neno moja, yeye ananilipa kwa hadithi. Tulikaa kibarazani na chai ya maziwa, na alinisimulia kwa Kiswahili alichokuwa nacho, na pale kilipoisha alisimama akaonyesha kwa mwili.

Alizaliwa mji mdogo wa pwani huko kwao, baba yake muuza samaki. Alipokuwa msichana wa shule aliingia katika ukumbi wa maigizo uliokuwa unavuja, akaomba kazi yoyote. Wakampa ufagio na birika. Alifagia jukwaa na kuchemsha chai karibu mwaka mzima kabla ya kupewa nafasi ya kuigiza mara ya kwanza, nayo ilikuwa ya mtumishi wa ndani anayeingia na sinia na kusema, "Chai tayari, bibi." Aliingia, akasema, kisha hakutoka. Taa za jukwaani zilikuwa zina joto na nyumbani kwao kulikuwa na baridi, akasimama pale pale na sinia lake akiwatabasamia watazamaji, mpaka yule bwana mkubwa wa mchezo akamshika bega na kumsindikiza mlangoni kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Watu walipiga makofi. Kuanzia siku hiyo, alisema, alikuwa amepotea moja kwa moja.

Alizunguka miji na kundi la waigizaji waliokuwa wakionyesha mchezo mpya kila wiki. Asubuhi alijifunza maneno ya wiki ijayo, jioni alisema ya wiki hii, na mara nyingine yalichanganyika, malkia akajikuta anaomba bei ya viatu. Halafu akafika jiji kubwa. Huko ndiko alikopatwa na mafua makali, akapanda jukwaani hivyo hivyo, akakohoa kweli kweli, na mtengeneza filamu mmoja aliyekuwa amekaa kwenye viti akasema huyu ndiye namtaka. Tangu hapo kila walipotaka mwanamke wa kufa vizuri walimpigia simu yeye. Alikufa kwa homa, kwa sumu, kwa maji, kwa mapenzi. Akaja kuwa mkuu wa wauguzi katika mchezo wa televisheni uliochukua miaka, na watu wakawa wanamsimamisha barabarani kumwonyesha vidonda vyao.

"Na wewe unafanyaje?"

"Naviangalia," alisema. "Nawaambia wafunge kitambaa safi."

Muuza duka hakutulia mpaka amemwalika kibandani. Tulikwenda Jumapili iliyofuata. Mabenchi yalijaa, wengine walisimama dirishani, na muuza duka alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya Ijumaa. Nilimwona anavyotoka jasho. Kutufasiria sisi ilikuwa rahisi. Sasa mwenye maneno amekaa mbele yake na soda mkononi.

Alianza kwa woga, halafu picha ikamchukua. Kwenye kioo yule mgonjwa alisema kitu kwa sauti ndogo, na muuza duka akafasiri: "Anasema, mume wangu, usiniletee dawa nyingine. Niletee habari za nyumbani. Waambie nyumbani hapa nilipo nyasi ni ndefu na sina wa kunisuka nywele."

Yule mama alikuwa ameacha kunywa soda. Picha ilipoisha alisimama, akaenda mpaka mbele.

"Maneno haya ya nywele ameandika nani?" aliuliza.

Muuza duka aliangalia miguu yake. "Ni mimi tu mama. Nisamehe. Sikusikia vizuri Kiingereza chao."

"Mimi pale nasema, 'Pazia hili ni zito.' Basi. Nilisema hivyo, pazia ni zito." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ningepewa maneno yako, ningekufa vizuri zaidi."

Muuza duka hakuweza kuzungumza jambo jingine mwezi mzima.

Sasa habari kama hiyo haikai Mpanda peke yake. Wazazi wangu walikuwa Sibwesa. Ni Wasukuma, walihama kutoka kaskazini na ng'ombe wao mimi nikiwa mdogo, wakatafuta malisho mpaka wakayapata huko, wakalima mpunga na mahindi. Kisima kimoja cha mhandisi kilikuwa kinachimbwa karibu na kwetu, kwa hiyo mwisho wa juma mmoja nilipata lifti ya Landrova yake nikaenda kuwasalimia. Hata sijanywa maji, mama yangu alinikalisha.

"Ng'wanone," aliniambia, mwanangu, "tumesikia unakaa na mzungu anayekufa halafu anarudi."

Nikamweleza ni maigizo. Nikamweleza na video ni nini. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuwaita akina mama wenzake, wakakaa wote mbele yangu kwenye mikeka, na mmoja akanena kwa niaba yao. Siku ya kufungua kisima, alisema, watakuja wakubwa wa wilaya kutuhutubia. Hotuba tumezisikia sana. Sisi tunataka yule mama aje atufie.

"Atufie hapa hapa," mama yangu alisisitiza. "Tuone."

Nilirudi na ujumbe huo nikiwa nimejaa furaha. Nilidhani mwanafunzi wangu atarukaruka. Aliponisikia aliweka kikombe chini, akagusa bega lake kwa vidole viwili.

"Mwalimu, niombe kitu kingine."

Hapo ndipo aliponieleza mwisho wa kazi yake, jambo ambalo alikuwa analiruka kila siku. Alikuwa kwenye ukumbi mkubwa kuliko yote aliyowahi kuigiza, katika mchezo alioucheza miezi mingi, maneno anayajua kama jina lake. Jioni moja alifungua mdomo na hapakuwa na kitu. Mtu wa pembeni mwenye kazi ya kuwakumbusha waigizaji alimnong'oneza neno. Alilisikia, lakini likawa kama neno la lugha ya watu wengine. Alisimama mbele ya watu wote wale, kisha akatoka, akachukua koti lake, akaenda nyumbani kwa miguu. Hakupanda jukwaa tena. Baadaye alikutana na mhandisi, aliyekuwa amefiwa na mke, kwenye benchi la stesheni ya treni, wakaoana. Mhandisi alijua mkewe aliwahi kuwa mwigizaji kama vile mtu anavyojua mkewe aliwahi kuishi mji fulani. Hakuwahi kumwona akiigiza hata mara moja.

Sikumsumbua. Tuliendelea na masomo. Lakini jambo lile lilinikaa, na siku moja tukiwa tunamenya karanga wazo likanijia, nikalisema kabla sijaliogopa.

"Mama. Maiti hana maneno."

Aliacha kumenya.

"Hana," alisema.

"Hawezi kusahau kitu."

"Hawezi." Akatupa ganda la karanga uani. "Nani anakufa?"

Mchezo tuliutunga sisi walimu, nami nikaandika maneno. Ulikuwa wa bibi kizee mwenye wake za wanawe wawili, wanaogombana kila siku nani aende mtoni kuchota maji, kwa kuwa mto uko mbali. Bibi amechoka na makelele. Anaamua kujifanya amekufa ili asikie watakachosema. Wanalia, halafu wanagundua hata maji ya kumwoshea hawana, ndipo wanapelekana kwa majirani, mwisho kijiji kinakubali kuchimba kisima. Bibi anaamka, anapewa maji kwenye kibuyu, anakunywa, mchezo umekwisha. Yeye asingesema neno hata moja. Mwalimu mwenzangu alikuwa mke wa kwanza, mwalimu mwingine wa shule yetu mke wa pili. Muuza duka aliposikia aliomba awe jirani, akafunga duka kwa siku hiyo, na duka lile halikuwa likifungwa hata kwa mvua.

Tulifanya mazoezi darasani baada ya watoto kuondoka. Yule mama hakutufundisha kama mwalimu anavyofundisha. Alimwuliza mwalimu mwenzangu, "Unapolia hapa, unamlilia bibi au unajililia mwenyewe utakayeteka maji?" Mwenzangu alifikiri, akalia tena, na safari hiyo sote tulicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, mchana, jua liko juu. Hatukuwa na jukwaa. Tulifunga turubai la Landrova kati ya miti miwili, tukatandika mkeka mbele yake, na mimi nikakaa nyuma ya turubai na karatasi za maneno. Wakubwa walikaa kwenye viti chini ya kivuli. Watu walikaa chini, familia nzima nzima, na wachungaji walisimama nyuma wameegemea fimbo. Nilimpaka mama yule unga wa muhogo na majivu usoni, nikamfunga kitenge cha mama yangu. Mama yangu mwenyewe alisimama pale akitoa maagizo kwa sauti ya juu, jinsi ya kufunga, jinsi ya kukaa, na yule mama wa Kiingereza alimsikiliza kwa macho ya kupepesa kidogo. Nilipaswa kujua maana ya macho yale.

Alikufa. Aliutafuta mkeka kwa mkono kwanza, kama kizee anavyofanya, akakaa, akapumua, akamwangalia mke wa kwanza, akamwangalia mke wa pili, akaangalia ng'ambo kule mto uliko. Halafu akalala pole pole na kitu kikamtoka. Kila mmoja alikiona kikitoka. Mzee mmoja mbele alivua kofia.

Wake walilia, walitafuta maji, mambo yalikwenda vizuri. Lakini mafundi walikuwa wameijaribu pampu asubuhi, ardhi ilikuwa imelowa, na ng'ombe wa baba yangu waliokuwa wanapita nyuma walisikia harufu ya maji. Mchungaji alizuia kundi. Ng'ombe mmoja wa madoadoa akampita. Watu wakampisha, na yeye akaja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akainamisha kichwa, akamlamba marehemu shavuni.

Hakutikisika. Ng'ombe akaona unga ni mtamu. Akamlamba kipaji, akamlamba sikio, na ulimi wa ng'ombe ni kama msasa, lakini yule mama alikuwa amekufa na aliendelea kufa. Watazamaji hawakujua wacheke au waogope. Mwalimu mwenzangu alisahau maneno yote. Alinitazama kwenye tundu la turubai, nami nikamnong'oneza, naye akatikisa kichwa, hanisikii. Muuza duka alisimama na kibuyu kama sanamu. Kila kitu kilisimama isipokuwa ulimi wa ng'ombe.

Ndipo marehemu alipofumbua jicho moja.

"Wewe ng'ombe," alisema.

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Mwanafunzi wangu alikuwa amekaa naye asubuhi ile tu, lakini ilikuwa yeye mtupu, na Kisukuma chake kikivuta kila neno mkia.

"Wewe ng'ombe, wake za wanangu wamekosa maji ya kuniosha, ndiyo umekuja kuniosha wewe kwa ulimi?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianzia mbele kikaenda nyuma mpaka kwa wachungaji, kikarudi. Watu walishikana. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo, anaelekeza kidole, anasema, "Ni mimi yule! Ni mimi!" Na marehemu hakuacha. Alikaa kitako, akamsukuma ng'ombe pua, akawageukia wake.

"Na nyie mnasimama tu! Nimekufa tangu asubuhi, hata chai ya waombolezaji hamjachemsha. Mnataka watu waseme huyu bibi alikufa kwenye nyumba gani?"

"Mama, wewe si umekufa?" mwalimu mwenzangu alisema. Hilo halikuandikwa popote. Lilimtoka lenyewe.

"Nimekufa, sijawa kiziwi!"

Wakaanza kujibizana. Muuza duka akaingia na kibuyu chake, na bibi akamjibu kwa sauti ya muuza duka mwenyewe, bei ya kuelewana na wallahi, mpaka mwenye duka akachanganyikiwa asijue yeye ni nani. Akatoka muuguzi wa zahanati, akatoka mama wa nyanya. Maneno yote aliyoyaokota Mpanda yalimtoka, na kila moja lilifika mahali pake. Mimi nyuma ya turubai nilikuwa nimekwishaweka karatasi chini.

Aliporidhika aliinua mkono, watu wakatulia.

"Haya. Sasa narudi kufa. Safari hii nisisumbuliwe."

Watu walicheka. Akajilaza, na alipokuwa anajilaza wakawa bado wanacheka. Halafu alifanya kile kitu chake, kile kitu kikamtoka tena, na kicheko kikakatika katikati kama kimefungwa kamba. Nilimwona mama yangu machozi yanamshuka na mdomo wake bado una tabasamu. Mchezo ulikwisha kwa maji kwenye kibuyu, lakini hakuna aliyekumbuka kupiga makofi kwanza. Walisimama tu, halafu vigelegele vikaanza.

Nilimkuta nyuma ya turubai amekaa juu ya debe, shavu moja jekundu kwa ulimi wa ng'ombe.

"Yamekuja," aliniambia.

"Nini, mama?"

"Maneno, mwalimu. Nimefungua mdomo yakaja."

Mumewe alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Akapiga magoti kwenye vumbi na kuanza kumpangusa unga usoni kwa leso. "Sikujua," alisema hatimaye. Alilirudia mara kadhaa. Niliona niwaache.

Baba yangu alikuja na fimbo yake kuomba radhi kwa ajili ya ng'ombe. Hakuwa mtu wa kusifu. Alimsalimia, akasafisha koo.

"Mama, umekufa vizuri. Ng'ombe wangu amekukosea adabu."

"Mzee," yule mama alimjibu, "katika miaka yangu yote, huyo ndiye mwigizaji aliyenisaidia zaidi."

Baba alilipeleka jibu hilo kwa kila aliyetaka kusikia, na ng'ombe wa madoadoa hakuuzwa mpaka alipozeeka.

Baada ya Sibwesa tuliitwa kila mahali. Tulicheza Kawajense, tulicheza Nsemulwa kwenye uwanja wa shule, tulicheza vijiji ambavyo mhandisi alikuwa na kisima cha kufungua. Hatukuandika tena maneno. Tulikubaliana njia, kila mtu akatembea kwa miguu yake. Yule mama aliigiza pamoja nasi mpaka kazi ya visima ilipokwisha, wakapanda treni kurudi kwao. Tulimsindikiza stesheni na ngoma, na muuza duka alilia hadharani bila kuona aibu. Mhandisi mwingine aliyepita Mpanda baadaye alinieleza kwamba alimwona yule mama akiigiza katika ukumbi mdogo wa mji wao wa pwani, na kwamba yeye mwenyewe alikosa kiti, akasimama mlangoni mpaka mwisho.

Sisi tuliobaki tuliendelea. Lakini nyota hatukuwa sisi walimu wa mjini. Akina mama wa Sibwesa walianzisha kundi lao, na mama yangu ndiye ambaye watu waliitwa kuja kumwangalia. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtazama aliigiza mwenyekiti wa kijiji mlevi anayehutubia mkutano. Alikuwa amevaa suruali ya baba, amefunga mkanda chini ya kwapa, na kila alipotaka kusema jambo zito suruali ilianza kushuka. Baba alikuwa amekaa mstari wa mbele, anacheka mpaka anakohoa, na kati ya kukohoa alikuwa akimwambia jirani yake, "Ile suruali ni yangu. Nimeitafuta tangu asubuhi."